Waliniuliza Jina la Ugonjwa, Nikawapa Uongo

Nina miaka thelathini na tisa. Ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja hapa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma. Jina langu silitaji. Wanaonifahamu watanitambua kabla ya kufika katikati ya habari hii, na wengi wao wameshanihukumu tayari… Ninyi msionijua, nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimelificha. Lakini mimi pia ni mgonjwa. Mambo hayo yote mawili ni kweli, na hapa kwetu sijapata mtu anayekubali kuyaamini kwa pamoja.

Ilianza ubaoni. Nilikuwa naandika hesabu ya kugawanya, watoto sitini na kitu nyuma yangu, na mguu wa kushoto ukaniacha. Sijui niseme namna gani nyingine. Haukuuma. Uliniacha tu, kama mguu wa mtu mwingine ulioshonwa kwangu. Nilishika ubao, ubao ukaanguka pamoja nami. Watoto walicheka kwanza. Halafu walipoona siinuki wakaanza kulia.

Baada ya wiki mbili mkono wa kuume ukaanza kutetemeka. Nilikuwa nikishika chaki, inachora milima. Kisha nyayo zikawaka moto, moto wa kweli, hata nikawa nasahihisha madaftari miguu imo ndani ya basini ya maji. Kisha miguu yote miwili ikawa inakufa. Saa moja, nusu siku, halafu inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Na hilo la kurudi ndilo lililoniharibia! Asubuhi jirani ananiona nafagia kiwanja. Saa nne ananiona natambaa kwenda chooni. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?

Tulikwenda hospitali. Wakapima damu: malaria hakuna, tifoidi hakuna, sukari hakuna. Wakapiga radio ya mgongo, ile picha ya mifupa. Wakafanya ekografi, ile mashine ya wajawazito. Nikatiwa serumu ya mshipani, nikalala siku nne, nikarudishwa nyumbani. Kila mara munganga, daktari wa hospitali, alifungua karatasi, akasoma, akaifunga. "Mama, hakuna kitu."

Mara ya kwanza neno hilo lilikuwa habari njema. Mume wangu, Papa Sifa, karani wa bandari, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, alipiga magoti palepale koridoni akamshukuru Mungu. Mara ya pili alishukuru akiwa amesimama. Mara ya tano hakushukuru tena. Aliniangalia tu.

"Hakuna kitu," alirudia tulipokuwa tunangoja pikipiki. "Sasa wewe unaanguka juu ya nini?"



Papa Sifa ana dada yake mkubwa, Mama Leoni. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na mdomo wake unafika kila mahali. Ndiye aliyesema kwanza yale ambayo wengine walikuwa wakiyawaza. Alikuja kututembelea, akakaa, akaniangalia nilivyolala kwenye mkeka, akasema mbele ya watoto wangu: "Mama Sifa, ni ugonjwa gani huu wenye mashine haioni? Mashine inaona mpaka mutoto mu tumbo! Itashindwa kuona mguu?"

Majirani waliokaa nasi walicheka. Na mimi nilicheka… Naona aibu kuwaambia, lakini nilicheka pamoja nao ili wasije wakaniona nimekasirika.

Shuleni ikawa hivyohivyo. Direkta, mkuu wa shule, alitaka karatasi ya munganga ili nipewe konje, likizo ya ugonjwa. Karatasi ilikuwa na mstari wa kuandika jina la ugonjwa. Munganga, mtu mkweli, aliuacha mtupu. Direkta aligeuza karatasi mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mama mwalimu, mimi siwezi kutuma ku biro ya wakubwa karatasi yenye haina ugonjwa."

Nilipoteza darasa langu. Wanafunzi wangu walipewa mwalimu mwingine, na kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka sikualikwa.

Nyumbani nilianza kupimwa kwa vipimo vingine. Papa Sifa alikuwa akitoka chumbani, anafunga mlango, halafu anaufungua ghafula kuona kama nimesogeza miguu. Kuna siku Mama Leoni alinikuta miguu imekufa, akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanidunga kwenye unyayo. Sikusikia. Niliona damu ndipo nikajua nimedungwa!

Mnajua alisema nini? "Mumeona? Amejikaza."

Ningelia, ningekuwa mwongo. Sikulia, nikawa mwongo. Wasomaji wenzangu, mtu wa namna hiyo atashinda kwa njia gani?

Kanisani waliniombea. Walifunga siku saba kwa ajili yangu, na siku ya nane nilipoanguka tena mlangoni mwa kanisa, mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba labda sitaki kupona.

Mtu mmoja tu hakuniuliza jina la ugonjwa. Mama yangu mzazi. Alikuwa anakaa Zongwe, kijiji cha kando ya ziwa, na kaka yangu Musafiri, mvuvi, na mara kwa mara alipanda mtumbwi wa mota akaja kunitazama. Alikuwa akifika, anavua viatu, anakaa chini, anaweka miguu yangu kwenye mapaja yake, anaipaka mawese. "Leo inauma wapi?" Basi. Nikisema hapa, anapaka hapa. Nikisema imehama, anahama nayo.

Nilimhesabu bure! Mama kumwamini mwanawe, niliona, ni kazi yake tu. Mimi nilitaka kuaminiwa na wale wasioniamini.

Katika mwaka wa pili, kuna mama wa kanisani, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Kigoma, aliyekubali kunisindikiza huko ng'ambo kwenye hospitali ambayo watu walisema ina waganga wa mishipa ya fahamu. Papa Sifa hakupata ruhusa kazini. Tulivuka ziwa. Asubuhi mama yule aliniacha hospitalini, akaenda kwenye biashara zake.

Walinipima siku tatu. Waliniingiza kwenye mashine inayonguruma. Mwishoni daktari, kijana mnene mwenye miwani, aliniita peke yangu, akafunga mlango, akavuta kiti chake mpaka karibu yangu.

"Mama, tumeangalia ubongo, tumeangalia uti wa mgongo. Hatujaona jeraha."

Nilianza kulia palepale. Akaningoja. Halafu akaniambia nilale, ninyanyue mguu mzima huku akiuzuia kwa mkono, na mkono mwingine akauweka chini ya kisigino cha ule mguu mbovu. "Umeona? Umenisukuma mkono kwa mguu huu mbovu. Nguvu zipo mguuni. Amri ya kuufikia ndiyo inayopotea njiani. Huigizi, mama. Ugonjwa huu upo, nimeuona kwa watu wengi. Haupigwi picha, lakini upo. Tafuta mtu wa mazoezi, atakufundisha kutembea upya, polepole."

Akaandika kurasa mbili kwa Kiingereza, akanipa kwenye bahasha.

Maneno hayo leo nayajua kwa moyo. Siku ile sikuyasikia! Nilisikia neno moja tu: hatujaona. Nilikaa kwenye boti na bahasha mapajani, na kila Kalemie ilivyosogea, vilima vyake na mabati yake, mimi nilikuwa naona uso wa Mama Leoni.

Na kweli alikuwepo. Alisimama pembeni mwa Papa Sifa pale gatini, mikono kiunoni. Sikuwa nimeshuka hata ngazi ya mwisho.

"Basi, walipata nini? Ao tena hakuna kitu?"

Naapa mbele ya Mungu sikuwa nimepanga. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Uvimbe," nilisema. "Kwenye uti wa mgongo."

Mama Leoni aliachia mikono. Akakaa chini juu ya gunia la mtu, akaanza kulia kwa sauti: "Mulamu yangu! Muke wa ndugu yangu, na mimi nilikudunga pini!" Papa Sifa aliinama. Alinibeba. Mbele ya wapakiaji na wachukuzi wote, mume wangu alinibeba mikononi mpaka kwenye pikipiki, na shingo yake ilikuwa imelowa machozi.

Miezi kumi na sita sikuwa nimebebwa…

Mnielewe hapa, ndugu zangu. Sitaki mnisamehe, nataka mnielewe tu. Ilikuwa miguu ileile! Moto uleule, mtetemeko uleule! Kitu kimoja tu kilikuwa kimeongezeka: neno. Na kwa ajili ya neno lile kila siku nililetewa bukari ya moto, ule ugali wetu, na samaki aliyevuliwa usiku. Mama Leoni alinifulia mpaka nguo za ndani. Direkta alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniambia shule haijanisahau. Papa Sifa alipiga magoti akaniomba radhi kwa ule mlango aliokuwa akiufungua ghafula. Karatasi aliiangalia, akaona Kiingereza, akaikunja kwa heshima, akairudisha kwenye bahasha. Nani hapa kwetu anasoma Kiingereza? Tumesoma Kifaransa sisi.

Nilikula bukari ile. Ilikuwa tamu. Nimesema nitasema ukweli.

Mama alifika baada ya siku chache na Musafiri. Habari ilikuwa imemtangulia. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kuvua viatu.

"Uvimbe?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

Aliinua mkono akashika kitenge chake pale kifuani, upande wa kushoto, akakikamata kwa nguvu. Nilifikiri ananihurumia. Halafu aligeuka akamwambia Musafiri maneno ambayo sikuyaelewa: "Ile mambo yetu, tuache kwanza. Huyu njo mwenye kutangulia, yeye ndiye wa kwanza."

Musafiri alifungua mdomo. Mama akamwangalia. Musafiri akaufunga.

Tangu siku hiyo Mama hakurudi Zongwe. Alibaki kwangu kuniuguza, na ukoo wote ukaanza kujiandaa kwa ajili ya operesheni yangu. Musafiri aliuza nyavu zake mpya. Wajomba wa Nyunzu walileta mihogo na mbuzi. Watu walikuwa wakiniuliza ni lini, na mimi nilikuwa nikijibu: daktari wa kupasua amesafiri, watatuita. Mwezi uliofuata: ameongezewa safari. Mwezi uliofuata: mashine imeharibika. Uongo wa kwanza ulinitoka wenyewe, lakini huu mwingine wote niliutengeneza kwa akili timamu, nikiuwaza asubuhi kabla hawajaamka.

Nilitaka nini? Nilikuwa nawaza nitapona polepole, halafu niseme uvimbe umeisha kwa maombi. Kwa njia hiyo ningekuwa nimemtukuza Mungu, na hakuna ambaye angeumia. Mnaona mtu anavyoweza kujidanganya?

Kuna mambo niliyaona na sikuyaona. Mama alikuwa akiinua ndoo kwa mkono mmoja tu. Nilimuuliza, akasema ni bega, ni uzee. Alikuwa na kitambaa alichokifunga kifuani chini ya blauzi, anakifua mwenyewe, anakianika ndani ya nyumba badala ya nje. Alikonda. Alipoinama kunipaka mawese, kuna wakati alisimama katikati, akafumba macho, akavuta pumzi, akaendelea. Nami nililala pale mbele yake nikiulinda uvimbe wangu wa uongo!

Miezi minane ilipita hivyo.

Halafu ikasikika kwamba mpasuaji kutoka nje atakuja hospitali yetu kwa wiki chache, na wagonjwa wanaandikishwa. Papa Sifa hakuniambia kitu, alitaka nifurahi ghafula. Pale hospitalini walimwomba karatasi ya Kigoma iwe kwa Kifaransa. Bandarini alikuwa na mwenzake, Papa Amisi, aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania na kusoma shule za huko. Jumapili baada ya ibada akaja naye nyumbani. Tulikuwa sebuleni wote: Mama Leoni, Mama, watoto, Musafiri aliyekuwa amefika na samaki. Papa Sifa alikwenda kwenye sanduku langu, akarudi na bahasha.

Nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa imekufa tangu kanisani. Nilisema, "Papa Sifa, tuache, leo ni siku ya Mungu." Alitabasamu. "Njo siku nzuri."

Papa Amisi alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Akaurudia. Niliona uso wake ukibadilika, na nikajua kwamba nimekufa.

"Papa Sifa," alisema polepole, "hii karatasi ni ya mama huyu kweli?"

"Ni yake. Jina yake si iko pale juu?"

"Inasema ubongo ni muzima. Uti wa mugongo ni muzima. Uvimbe hakuna."

Mama Leoni aliinuka kitini.

"Ngoja, nimalize," Papa Amisi aliendelea, na namshukuru mpaka leo, kwa sababu yeye peke yake alijaribu. "Inasema pia mugonjwa haigizi. Inasema ugonjwa iko, ni wa kweli, familia wasimuzarau, afanye mazoezi…"

Nani alimsikia? Mama Leoni alikuwa ameshasimama anapiga makofi: "Mwongo! Mwongo! Nilisema mimi! Amejikaza, nilisema!" Papa Sifa alinyosha mkono akachukua karatasi, akaiangalia kana kwamba sasa angeweza kuisoma, halafu akaiweka mezani, akatoka nje bila viatu.

Karatasi ile ilikuwa shahidi wangu, wasomaji wenzangu! Kwa miezi minane ilikuwa ndani ya sanduku langu ikisema kwamba mimi si mwongo. Na siku iliposomwa, mimi nilikuwa mwongo tayari.

Lakini ninyi hamjasikia bado. Musafiri alikuwa amesimama ukutani. Kaka yangu si mtu wa maneno. Alikuja mpaka mbele yangu, akachuchumaa, machozi yanamtoka bila sauti.

"Mama iko na uvimbe," alisema. "Kwenye ziwa, hapa kifuani. Tangu mwaka jana. Tulikuwa tunamupeleka Lubumbashi, nilikuwa nimepanga yote… Njo ukafika na uvimbe yako. Akasema yeye amekula chumvi nyingi, wewe uko na watoto. Akaniapisha nisikuambie."

Niligeuza shingo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pembeni mwa mlango, mikono mapajani, anatazama sakafu kama mtoto aliyekamatwa na kosa.

Nilipiga kelele. Watu wa jirani wanasema walinisikia mpaka barabarani.

Kesho yake Musafiri na mimi tulimpeleka hospitali. Munganga alifungua kitambaa kile kifuani, akakifunga tena taratibu, akatuomba tutoke. Hakuhitaji mashine. Ugonjwa wa mama yangu ulionekana kwa macho, ulikuwa na jina, ulijaza mstari wote wa karatasi. "Mungemuleta mwaka jana," alisema. Mwaka jana!

Aliishi wiki kumi na moja. Aliziishi nyumbani kwangu, kwa sababu hakutaka kwenda kwingine ingawa Musafiri alimsihi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, siku miguu iliponiruhusu nikiwa nimesimama, siku zingine nikitambaa na bakuli la uji nikilisukuma sakafuni mbele yangu.

Siku moja adhuhuri nilikuwa namwosha. Nilimwambia, "Nimekuua, mama yangu." Nilimwambia anilaani kama anataka.

Aliushika mkono wangu. Halafu akauliza: "Miguu yako inauma kweli?"

"Inauma kweli, mama."

"Basi." Akapumzika kidogo. "Mimi nilikuamini kabla ya uvimbe. Ungekuja na karatasi mutupu, ningekuamini. Ulimwongopea nani, mwanangu?"

Hakuna laana ambayo ingeniuma zaidi ya swali lile. Ulimwongopea nani? Niliwaongopea wale wasionipenda, na aliyelipa ni yule mmoja aliyenipenda…

Tulimzika Zongwe. Nilipotupa udongo, miguu yote ikaniacha, nikaanguka ukingoni mwa kaburi, uso kwenye tope. Safari hii nilianguka kweli kama nilivyoanguka kweli siku zote. Watu walikuwa wengi. Waliniangalia. Nilisikia mtu akisema, "Ameanza tena, hata hapa!" Hakuna aliyenyosha mkono. Niliinuka mwenyewe, baada ya muda mrefu, nikishikilia mti wa msalaba.

Sasa ni mwaka na nusu. Papa Sifa hakunifukuza. Ingekuwa afadhali angenifukuza! Ananisalimu asubuhi kama jirani, anakula, anakwenda kazini. Musafiri hapokei simu zangu. Shuleni hawanitaki, na hilo siwalaumu, kwani mwalimu mwongo atawafundisha nini watoto?

Papa Amisi alinitafsiria karatasi yote, nikaipeleka kwa mtu wa mazoezi pale hospitali, tunamwita kine. Ni binti mdogo mwenye subira. Alianza kunifundisha kusimama nikiwa ninaimba, nikiwa ninahesabu, nikiwa ninatupa mpira, ili amri ipite bila mimi kuilazimisha. Nikacheka mwanzoni. Lakini mwezi wa tatu nilivuka chumba bila kushika ukuta. Leo nafika sokoni na fimbo. Siku mbaya bado zipo, moto bado unawaka, ila natembea.

Na mnajua watu wanasema nini wakiniona natembea? "Si munaona? Tangu uwongo yake ijulikane, amepona!"

Kila hatua ninayoipiga ni ushahidi dhidi yangu. Nikianguka, najifanya. Nikisimama, nilijifanya. Na mwanangu Sifa, wa miaka kumi na minne, siku akinikuta nimelala na miguu ndani ya maji, ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa, bila ubaya wowote: "Mama, leo ni kweli ao ni uwongo?"

Nimeandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Kuna mtu anasoma hapa ambaye amerudishwa nyumbani mara sita na karatasi isiyosema kitu, na mwili wake unawaka. Dada yangu, kaka yangu, najua hasira yako. Najua jinsi mtu anavyoweza kumwonea wivu mwenye ugonjwa wenye jina! Lakini usiununue ugonjwa wa mtu mwingine ili watu wakuamini. Utaaminiwa miezi michache, halafu hutaaminiwa tena mpaka kufa kwako, hata utakaposema maji ni maji. Sema tu: naumwa, na hawajui ni nini. Ni maneno machungu, yatakuletea dharau. Yabebe hivyohivyo. Tafuta hata mtu mmoja anayekuuliza inauma wapi, umshike huyo, na umwangalie vizuri yeye naye.

Na ninyi mnaoishi na mgonjwa wa namna yangu, sitawabembeleza, maana bado nina uchungu nanyi. Mimi nilisema uongo, ni dhambi yangu, nitaijibu mbele ya Mungu. Lakini mlango wa kusema kweli mlinifungia ninyi. Mlitaka jina, mkakataa machozi. Kama mngeniamini bila jina, mama yangu angekuwa hai, labda. Hilo "labda" ndilo ninalolala nalo.

Na kama wewe umeshausema uongo wako, uko nyumbani unabembelezwa, na unangoja siku nzuri ya kusema kweli… usingoje! Sema leo, hata kama utaisema umekaa chini kwa sababu miguu imekataa. Hujui ni nani mwenye ugonjwa wa kweli aliyekupisha ukatangulia, na sasa amesimama nyuma yako kwenye mstari, ananyamaza.